Mguu wa Kushoto wa Mwalimu Nsemwa

Wananchi, ndugu wanataaluma, na wewe mtunza maktaba uliyezoea kulala juu ya meza ya kusomea: leo natangaza rasmi kwamba sayansi imeshinda. Katika mwaka huu wa elfu mbili na sabini na moja, hapa Sekondari ya Wavulana Lukumbuko, kwenye baridi inayogandisha dawa ya meno ndani ya tyubu yake, umepatikana mguu wa binadamu usiokosa mazoezi. Siku mia moja sabini na nne mfululizo. Haukuugua, haukusingizia malaria, haukuomba ruhusa ya kwenda msibani. Makofi, tafadhali.

Sasa kaeni. Mguu wenyewe ni wa Mwalimu Nsemwa, na mchango wangu katika ushindi huo wa sayansi ulikuwa kuanika kifaa chake dirishani kila mchana, kama mtu anayeanika soksi. Wala sikuchaguliwa kwa sababu ya akili zangu. Ilikuwa adhabu.

Mtakumbuka, au mtakuwa mmesimuliwa, kisa cha kengele. Shule yetu ina mashine ya kusahihisha insha na roboti wa kufyeka majani, lakini kengele bado ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwerezi na kugongwa kwa kipande cha nondo. Jumatano moja, saa tatu na nusu asubuhi, niligonga kengele ya chakula cha mchana. Vijana mia sita walitoka madarasani na sahani zao mbio. Mwalimu wa kemia alikuwa wa tatu kufika bwaloni, na kijiko alikuwa nacho. Mpishi, ambaye alikuwa hajabandika hata maji, alijitetea kwa mwiko.

"Fanuel Kyando," alisema Mwalimu Mkuu jioni ile. "Unapenda kuamrisha miguu ya watu."

"Hapana, Mwalimu."

"Unapenda sana. Basi nakukabidhi mguu mmoja. Utakuwa nao kila siku mpaka tufunge shule mwezi wa kumi na mbili. Likizo fupi huendi nyumbani."

Hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa Mwalimu Nsemwa.

Kwa miaka thelathini na miwili mtu huyu alifundisha jiografia na kuongoza mchakamchaka, zile mbio za alfajiri tunazokimbia tukiimba kabla ya kuoga. Viongozi wengine hukimbia mbele. Yeye alianza mbele, akaimbisha, kisha akabaki nyuma taratibu hadi kumfikia wa mwisho, na huyo wa mwisho akaisikia pumzi ya Mwalimu shingoni na papo hapo akapona uchovu. Wimbo wake ulikuwa mmoja tu, miaka yote.

"Nani kachoka?"

"Hayupo!"

"Nani kalala?"

"Hayupo!"

Baba yangu aliuimba wimbo huo, shule hiihii, nyuma ya kisogo hichohicho. Halafu Jumapili moja kiharusi kikaja na kuuchukua upande wa kushoto wa Mwalimu Nsemwa. Mkono ulirudi kidogo. Mguu haukurudi. Ndipo serikali ikamletea gango.

*

Kwa faida ya wasomaji wa mchepuo wa sanaa, nieleze.

Gango ni fremu nyepesi inayofungwa mguuni kuanzia nyonga hadi kifundo, na gotini kuna mota. Linabeba mguu ulioishiwa nguvu. Lakini lina roho ngumu ya makusudi: kadiri mguu unavyojitahidi, gango linapunguza msaada. Kwenye goti kuna kioo kidogo chenye namba. Siku ya kwanza ya Mwalimu namba ilikuwa themanini, yaani ukiigawa kazi ya kila hatua sehemu mia, gango lilibeba themanini na yeye ishirini. Ikifika sifuri, gango linavuliwa na kupelekwa kwa mwingine, kwani kanda yetu nzima ina magango sita, na foleni ni ya watu mia mbili.

Linajuaje kwamba mguu umejitahidi? Linaye shahidi. Shahidi ni kiduara kidogo kama kifuniko cha soda. Anabandikwa nyuma ya paja, anahesabu kila mvuto wa msuli, kisha anapeleka habari gotini. Anakula jua, ndiyo sababu nilikuwa namwanika. Ukikosa siku moja tu ya mazoezi, gango linafuta wiki nzima. Waliolitengeneza walikuwa na imani kwamba mwili hauvutiwi na juhudi kubwa ya siku moja. Unachotaka ni kidogo kisichokatika.

Na hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu uovu wangu wote ulipita kwenye tundu hili. Kiharusi kiliondoa hisia kwenye ngozi ya ule mguu. Ungeweza kumfinya Mwalimu hadi uchoke wewe, yeye asijue. Kama shahidi yupo pajani au hayupo, aliyejua ni mmoja tu, yule aliyembandika.

*

Miezi minne ya kwanza nilikuwa mwaminifu. Sijisifu. Sikuwa nimegundua njia nyingine.

Tulikutana kila siku saa kumi na moja jioni kwenye ngazi za maabara. Ngazi tisa. Kupanda na kushuka, dakika arobaini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa dakika mbili."

"Nilikuwa nambandua shahidi dirishani, Mwalimu."

"Aliyechelewa ni yeye au wewe?"

"Wote wawili, Mwalimu."

"Basi mtapanda wote wawili."

Nikapanda naye. Alikuwa akihesabu kwa sauti ileile ya kusomea majina ya mito. Alichukia kusaidiwa. Ukimshika kiwiko, alikitazama kiganja chako mpaka kinajiondoa chenyewe. Siku moja, katikati ya mvua ya manyunyu, nilimuuliza kwa nini anajitesa wakati amebakiza mwaka mmoja tu astaafu.

"Siku ya kufunga shule," alisema, "nitaongoza mchakamchaka. Kutoka mlingoti wa bendera mpaka kwenye tangi la maji."

"Mwalimu, kule ni mita mia nane. Na ni mlima."

"Najua ni mlima, Kyando. Mimi ndiye mwalimu wa jiografia." Akapanda ngazi moja. "Sitaki kustaafu nimekaa."

Siku ya tisini aliinua unyayo wa kushoto bila kuburuza kiatu. Mara moja tu, ngazi ya sita. Nilipiga kelele kama goli limeingia.

"Nyamaza," alininong'oneza huku akiutazama mguu. "Utaushtua."

Namba ilishuka kwa mwendo wa konokono. Sabini. Sitini na mbili. Hamsini na tano. Siku ya mia moja na ishirini ilikuwa arobaini na moja, na siku hiyohiyo mfuko wa bukta yangu ukatoboka.

*

Mfuko ulitoboka, kwa hiyo nilimbandika shahidi kwenye paja langu la kushoto asije akapotea njiani. Hilo lilikuwa jambo la busara, na mpaka leo nalitetea. Lisilo la busara ni kupitia uwanjani.

Gaudensi Mgaya, nahodha wa bweni letu, aliniona.

"Wewe Kyando! Winga wetu kachubuka. Njoo dakika kumi."

"Nina mguu wa kuhudumia."

"Tuhudumie sisi kwanza. Unatumia kushoto, shule nzima hakuna mwingine. Dakika kumi tu, ndugu yangu, tumefungwa moja."

Dakika kumi za Gaudensi ni kipindi kizima. Tulisawazisha. Kisha nilikimbia hadi maabara, nikambandika shahidi mahali pake, tukaanza kupanda. Hatukumaliza hata dakika tano. Goti la Mwalimu likafungua mdomo na kusema, kwa sauti ya mwanamke anayesoma taarifa ya habari:

"Zoezi la leo limetosha. Hongera sana, Mwalimu Nsemwa."

Alisimama kwenye ngazi ya nne kama mtu aliyeitwa kwa jina katika mji wa ugenini.

"Limesema nini?"

"Limesema... limetosha, Mwalimu."

"Dakika tano?" Akatazama saa yake. Akatazama goti: namba ilikuwa imeshuka hadi thelathini na tisa. Halafu akacheka. Nilikuwa nimekaa shule ile miaka mitatu, na sikuwa najua kwamba Mwalimu Nsemwa ana pengo la kupendeza upande wa juu. "Dakika tano, Kyando! Jana nilitoka jasho arobaini nzima!"

Nilifumbua mdomo nieleze. Nawaapia, nilifumbua. Neno la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Nenda," alisema, akanipiga begani kwa ule mkono wake dhaifu. "Nenda kacheze mpira, mwanangu. Umenifaa."

Hakuwahi kuniita mwanangu. Nilikwenda kucheza.

*

Pale Lukumbuko tunayo adabu moja ya zamani kuliko maktaba. Jina la rafiki yako likiitwa kwenye paredi naye hayupo, kwa sababu amelala au ametoroka kwenda kununua maandazi, unabana pua na kuitikia: "Nipo!" Hakuna anayekushukuru. Ni wajibu. Baba yangu aliitikiwa, naye aliwaitikia wengine, na mmoja wa aliowaitikia leo ni daktari wa mifugo.

Basi nilijiambia kwamba ninachofanya ni hicho. Mguu wa Mwalimu umechoka, nami nauitikia jina. Nina nguvu za ziada, yeye amepungukiwa, namwazima. Kila siku saa kumi nilimbandika shahidi pajani kwangu, nikacheza, na saa kumi na moja nikamrudisha kwa mwenyewe. Dakika tano, dakika nne. "Hongera sana, Mwalimu Nsemwa." Siku zote mbili za fainali ya mabweni mguu wa Mwalimu ulifunga magoli matatu.

Kuna mara moja tu tulikaribia kuumbuka. Shahidi, akishiba kupita kiasi, hutoa mlio mdogo wa pongezi. Akautoa katikati ya pambano, nikiwa nimelala chini na beki wa Bweni la Pili juu yangu.

"Paja lako linaongea?" aliuliza yule beki.

"Linakusifia," nilimjibu.

Gaudensi hakucheka. Jioni ile bwaloni, tukitafuna maharage, aliniinamia.

"Ile ya Mwalimu umevaa wewe?"

"Namwitikia tu."

Alitafuna muda mrefu. "Mimi sijasikia," alisema.

Namba zikaporomoka. Thelathini. Ishirini na mbili. Kumi na tano. Kwa mtu asiyejua, huo ulikuwa muujiza. Kwangu mimi, ninayejua kusoma kioo kinyume, kila namba iliyoshuka ilikuwa mkono mmoja unaomwachia Mwalimu wakati bado anaegemea.

Alianza kuchoka. Kutoka ofisini hadi darasani alikuwa akipumzika mara mbili, kisha mara nne. Nilimkuta siku moja ameshika ukuta wa maabara, jasho linamtiririka kwenye baridi ile, anajaribu kuinua unyayo ambao siku ya tisini ulikuwa umejiinua wenyewe. Unyayo ulikuwa unaburuza.

"Pole, Mwalimu. Labda upumzike."

"Nipumzike kwa kazi gani? Dakika nne?" Aliligonga goti kwa kidole, kioo kikawaka: kumi na moja. "Unaona? Hili linasema nguvu ninazo. Kwa hiyo ninachosikia hapa siyo udhaifu, ni uvivu. Mwili unadanganya, Kyando. Mashine haidanganyi."

Kuanzia hapo akajiongezea. Alfajiri, kabla ya kengele, alizishika zile ngazi tisa peke yake, bila shahidi, kwani shahidi alikuwa kwangu. Nilimwona kupitia dirisha la bweni: kivuli kinapanda, kinakaa, kinapanda. Hakuna kilichohesabiwa. Alikuwa akiutia mguu mzigo ambao haukuwa na nguvu za kuubeba, na kila alfajiri ulizidi kukakamaa.

Na alinishukuru, hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Ana mti wa mapeasi nyuma ya nyumba yake. Alianza kunitunzia yaliyoiva, matatu matatu, kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa. Nilimsikia akiongea na binti yake wa Mbeya kwenye simu: "Atupele, leo saba. Saba tu! Hapana, sijaongeza chumvi. Yupo kijana hapa, Kyando, mtundu wa kutupwa, lakini hajakosa siku hata moja. Hata moja, mama."

Nilikula yale mapeasi. Nilijaribu kutokula, akaniuliza kama naumwa.

*

Siku moja kabla ya kufunga shule nilikwenda nyumbani kwake kusema. Nilikuwa nimeiandika hotuba kabisa, yenye utangulizi na hitimisho. Njiani nilimpitia Gaudensi.

"Nakwenda kusema."

"Kusema nini?"

"Unajua nini."

Alikuwa anafunga begi lake. Akaacha. "Kyando, kuitikia jina siyo kosa hapa. Kosa ni kumtaja aliyeitikia."

"Hata kama aliyeitikia ni mimi?"

"Hapo sijui," alisema kwa unyofu kabisa. "Hapo hakuna aliyewahi kufika."

Mwalimu alikuwa amekaa kibarazani, raba zake za zamani zimepakwa chaki nyeupe, filimbi shingoni tayari. Gotini: mbili.

"Mwalimu, naomba kusema jambo."

"Kama ni shukrani, subiri kesho tukifika kwenye tangi. Kama ni udhuru, sipokei."

Alinitazama akisubiri. Alikuwa na uso wa mtoto anayelala na nguo za sikukuu. Hotuba yangu yote, utangulizi na hitimisho, ikajificha nyuma ya ulimi.

"Ni... ni kamba ya raba, Mwalimu. Hiyo ya kushoto imekatika."

Akaitazama. Ni kweli ilikuwa imekatika. "Una macho, wewe."

Nikainama, nikachomoa kamba ya kiatu changu cha kushoto, nikamfungia. Nilifunga fundo mara mbili. Huo ndio ukweli niliompa Mwalimu Nsemwa siku ile.

*

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye madirisha. Vijana mia sita tulijipanga nyuma ya mlingoti. Sista Hongoli, mtaalamu wa magango aliyekuja kutoka mjini na sanduku la kulibebea, alikuwa amesimama kando akipangusa miwani. Mpango ulikuwa gango livuliwe palepale kwenye tangi, mbele ya wote. Kioo cha gotini kilisoma sifuri.

Mwalimu Nsemwa alipuliza filimbi. Akaanza.

Alikuwa mzuri, nawaambia. Kifua mbele, mikono imekunjwa. Sauti yake ilipasua ukungu.

"Nani kachoka?"

"HAYUPO!"

"Nani kalala?"

"HAYUPO!"

Nilikuwa mstari wa pili, kiatu changu kisicho na kamba kikipiga makofi. Nilikuwa nahesabu hatua zake. Kumi na nane. Ishirini na tatu. Nilianza kuamini. Labda zile ngazi za alfajiri zilimsaidia. Labda nimesamehewa bila kuomba. Ishirini na tisa. Thelathini.

"Nani kachoka?" aliita, na kwenye hatua ya thelathini na moja goti la kushoto likakunjika.

Hakupepesuka. Alishuka moja kwa moja, kama nguo inayoanguka kutoka kambani. Na kwa kuwa mistari ya nyuma haikuona kitu kwenye ukungu ule, sauti mia sita ziliitikia juu ya mgongo wake:

"HAYUPO!"

Kisha kimya kikaanza mbele na kwenda nyuma, safu kwa safu.

Alijiinua kwa viwiko. Kidevu kilikuwa kinavuja damu na changarawe zimegandia viganjani. Tulidhani atatukemea tusimame sawasawa.

"Samahanini, vijana," alisema. "Mashine imefanya kazi yake. Niliyelegea ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Shule ile inacheka hata kwenye mitihani, lakini pale hakuna aliyecheka.

*

Chumba cha wagonjwa kina vitanda viwili na dirisha moja. Mwalimu alikuwa kwenye kitanda cha dirishani. Mimi nilisimama mlangoni na bakuli la pamba na dawa ya vidonda, kwa sababu mtu alinishikisha, na kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Sista Hongoli alikuwa ameketi na kioo chake cha rekodi mapajani.

"Mwalimu, nitakuambia ukweli kwa sababu wewe ni mtu mzima. Misuli haina tatizo. Kwa rekodi hizi, mguu huu unaweza kucheza mpira."

"Lakini umeniangusha."

"Ndiyo. Kwa hiyo tatizo haliko mguuni, liko juu. Ubongo umeacha kuuamuru. Hapo gango halina la kufanya, kazi yake imekwisha." Alishusha sauti. "Ninaondoka nalo leo. Kuna mama mmoja wa Makete anasubiri tangu Februari. Wewe nitakuandikia kiti cha magurudumu, kiti kizuri."

Makete ndiko kwetu. Nilimwona yule mama nisiyemjua, amekaa mlangoni tangu Februari, anasubiri mtu wa Lukumbuko amalize. Bila mimi, Mwalimu angekuwa amekaribia kumaliza kwa haki. Wote wawili nilikuwa nimewakalisha.

Mwalimu alikuwa anatazama raba zake.

"Na nikiendelea na ngazi?"

"Bila gango utavunjika nyonga. Mwalimu, sikiliza. Kama rekodi hizi zingekuwa na dosari, hata ndogo, kesho ningekuanzisha upya, siku ya kwanza, namba themanini, na ningekutetea mbele ya foleni nzima. Lakini sijawahi kuona rekodi safi kama hizi."

Niliikandamiza pamba bakulini.

"Nisomee," alisema Mwalimu Nsemwa.

"Nini?"

"Hizo rekodi. Kwa sauti. Sijawahi kukubali ramani ambayo sijaisoma."

Sista alirekebisha miwani. "Haya. Jumanne ya wiki iliyopita. Saa kumi na dakika tano: kukimbia mita ishirini. Kusimama ghafla. Kugeuka. Kukimbia. Teke, kali. Teke, kali. Kuruka juu sentimita arobaini na..." Akaacha. Akasogeza kioo karibu na uso. "Mwalimu, hizo ngazi zenu za maabara zikoje?"

"Ziko tisa," alisema Mwalimu taratibu. "Na saa kumi mimi huwa nasahihisha madaftari."

Nje, roboti wa majani alikuwa anafyeka palepale alipofyeka jana.

Mwalimu hakunitazama usoni. Alianzia chini. Alikitazama kiatu changu cha kushoto, kilichoachama bila kamba. Kisha akaitazama raba yake, na lile fundo lililofungwa mara mbili. Alikaa hapo kwenye fundo muda mrefu sana. Nilitamani anipige. Nilitamani ile kengele ya rimu iniangukie.

Aliegemea viwiko, akajivuta hadi akakaa wima, damu imekauka kidevuni. Na akaita, kwa ile sauti ya paredi aliyoitia majina ya baba zetu:

"Fanuel Kyando."

Nilijua kubana pua. Nilijua sauti kumi na mbili za watu wengine. Yangu mwenyewe ilichelewa kutoka.

"Nipo, Mwalimu."

"Mguu wa kushoto wa Mwalimu Nsemwa."

Sista Hongoli aliinua kichwa. Niliweka bakuli chini.

"Haupo, Mwalimu," nilisema. "Siku hamsini na nne haukuwepo. Niliyekuwa naitikia ni mimi."